Kabla Hujaenda kwa Masista

Mjukuu wangu Kemilembe,

Sikuulizi hujambo, maana nakuona. Umekaa uani kwenye kigoda changu, unasugua viatu vya shule ambavyo havijakanyaga hata vumbi. Mimi niko ndani na mama yako, dirisha tumelirudishia nusu, na kalamu anaishika yeye, kwa sababu bibi yako hakukaa darasani hata siku moja. Kwa hiyo mwandiko ni wa Editha, maneno ni yangu. Nimemwapisha aandike kila ninachosema, hata kama kitamchoma. Amekubali. Uso ameshaukunja, na bado sijasema kitu.

Habari za godoro, ndoo na sabuni sitazigusa. Mama yako ameandika orodha na ameikagua mara tatu. Mimi nina jambo moja, nalo limenikaa kooni tangu Jumanne ya wiki iliyopita, siku maharage yalipoungua.

Unakumbuka. Nilikuambia nenda kachote maji, sufuria niachie mimi. Ukaenda. Mimi nikasogea uzioni kwa Ma Jovina kusikiliza habari za mwanawe anayetaka kuoa mwanamke aliyemzidi umri, na maneno yakawa matamu kuliko ndizi na maharage yaliyokuwa jikoni. Nilipogeuka, moshi ulikuwa unatoka mlangoni. Mama yako akaingia kutoka shuleni anakofundisha, amechoka, chaki bado iko vidoleni, akauliza, "Nani alikuwa anaangalia jiko?" Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unatua ndoo. Ukaweka mikono nyuma, ukasema, "Ni mimi, mama. Nilisahau. Nisamehe."

Na mimi nikanyamaza, Kemi. Usidhani nilibabaika nikakosa la kusema. Nilikaa, nikachagua ndizi ambazo hazikushika moshi, nikala, huku wewe unasemwa.

Mama yako ameweka kalamu chini.

"Ni wewe uliyeunguza?"

"Ni mimi."

"Mama! Nilimsema mtoto mpaka akashindwa kula!"

"Nilikuwepo, nilisikia. Andika."

Ameandika. Najua uliniona mzee ukaniokoa, na moyo wako ni mzuri, waitu, mpenzi wetu. Lakini kilichonitisha siyo moyo wako. Kilichonitisha ni ile mikono nyuma na lile neno lililotoka haraka, kama mtu aliyekuwa amelishikilia mdomoni tayari. Kesho unakwenda kwa Masista, na tabia ya huko unayo kabla hujafika. Umeitoa kwa mama yako. Mama yako aliitoa kule kule unakokwenda. Mwezi mzima nimekuwa nikipinga usiende shule ile, na kila mtu humu ndani ameniuliza sababu, nikajibu ni mbali. Muleba, iliko shule yenyewe, siyo mbali. Nilikuwa nadanganya. Sababu ni hii ninayoisema leo.

Nilimpeleka Editha kwa Masista mwenyewe, kwa miguu yangu, mwaka mmoja baada ya babu yako kufa. Watu wa usharika wetu walinijia juu. "Ma Koku, wewe Mlutheri unampeleka mtoto kwa Wakatoliki, atakurudia na rozari." Nikawajibu, akirudi na rozari na akili, rozari nitaitundika ukutani na akili ataitumia. Nilitaka mwanangu asome, na Masista walikuwa wanasomesha wasichana bila mchezo. Hawakumbadilisha dhehebu, na hilo waliniahidi wakalitimiza.

Ila walimbadilisha mambo mengine. Likizo ya kwanza alirudi mtoto mwingine. Anaamka kabla ya jogoo bila kuitwa. Shuka analivuta mpaka kitanda kinakuwa kama meza. Anakula bila kelele, sahani haiachwi hata punje. Akaniuliza, "Mama, sisi tunasali kabla ya kula au baada?" Nikamwambia sisi tunasali ili chakula kiwepo. Hakucheka.

Na jioni alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, macho kafumba. Nikadhani ana malaria. Akaniambia Masista wamewafundisha kupitia siku nzima kabla ya kulala, umefanya nini, umekosea wapi. Basi anafumbua macho, ananijia: "Mama, nilisema nimefagia nyuma ya banda la mbuzi. Sikufagia." Mimi namwangalia. Nani ana mtoto kama huyu hapa Nyanga? Nilijivuna mpaka shingo ikaniuma. Sikujua kwamba mtu anayepitia siku zake atafika na kwenye zangu.

Sasa sikiliza nililolifanya.

Kibanja chetu cha migomba, upande wa bondeni, kinapakana na cha marehemu Ma Anjelina. Mpaka ni ile milamula unayoiona, yenye majani marefu membamba. Umekua ukiambiwa usiichezee, na ni kweli, mlamula wa mpakani hauchezewi, ndio unaosema hapa ni kwangu na pale ni kwako hata wenye kujua wakishakufa. Wakati ule Anjelina alikuwa amemfuata mumewe visiwani Muleba kwenye biashara ya dagaa. Mwaka wa pili ulikuwa unapita, kibanja chake kimekuwa msitu. Mimi ni mjane mpya, shemeji zangu wanakuja kila wiki kunywa kahawa na kuhesabu migomba yangu kwa macho. Nikawaza, huyu ana ardhi na haitaki, mimi naitaka na wananinyang'anya. Sijitetei, Kemi. Nakueleza nilivyowaza ili siku na wewe ukiwaza hivyo ujue ni nani aliwahi kuwaza hivyo.

Nilichagua siku ya maziko. Mzee mmoja wa kule juu alikuwa amefariki na kilima kizima kilikwenda kuzika. Siku kama hiyo hakuna Mhaya anayegusa jembe, unajua mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu ambaye angekuwa shambani kuniona. Nikasema tumbo linaniuma, nikabaki. Editha alikuwa likizo, nikambakiza anihudumie. Watu walipokwisha kupita wote, nikashuka bondeni, nikang'oa milamula tisa na mizizi yake, nikaihamishia hatua tano ndani ya kibanja cha Anjelina. Migomba yake minane ikawa yangu.

Nikamwita mama yako. "Chota maji, mwagilia ishike."

Akauliza, "Mama, leo kuna maziko, tunalima?"

Nikacheka. "Hatulimi, tunapanda. Mwaga maji."

Akamwaga. Ndoo nne. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Milamula ikashika vizuri sana. Mwaka uliofuata Anjelina akarudi, na hata mizigo hakutua, kelele zake zilifika barabarani. Wazee wakakaa hapa hapa uani kwetu, balozi wa nyumba kumi akiwa katikati. Anjelina akasema mpaka umetembea. Mimi nikasema mpaka hauna miguu, labda macho yake yamezoea maji ya ziwa. Watu wakacheka. Nikaona wanaanza kuwa upande wangu, basi nikazidisha, nikaapa kwa kaburi la babu yako, ambalo liko palepale kibanjani, wote wanaliona. Mzee mmoja akaguna akasema, "Mjane hawezi kuapa hivyo kwa uongo." Jambo lilikuwa limekwisha, Kemi. Nilikuwa nimeshinda.

Mama yako alikuwa anazungusha kahawa za kutafuna kwa wageni, na kisahani mkononi. Akakiweka chini. Akasimama katikati ya wazee, msichana wa miaka kumi na mitano, akajipiga kifua mara tatu kama wanavyofanya Masista kanisani kwao. Akasema, "Nimekosa mimi. Mimi ndiye niliyemwagilia."

Balozi akauliza, "Ulimwagilia nini, mwanangu?"

"Milamula. Siku ile ya maziko."

Hakusema mama aling'oa. Hakunitaja hata kidogo. Alijishtaki mwenyewe tu, na kwa kujishtaki kwake mimi nikabaki uchi mbele ya kilima kizima. Siyo kwamba nilihamisha mpaka tu. Nilishika jembe watu wakiwa wanazika, halafu nikaapa kwa kaburi la mume wangu. Anjelina akaanza kucheka, kisha akalia.

Nilitozwa mbuzi na mitungi ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, wazee wakanywa wakinitazama. Mchungaji akanitenga kwenye Meza ya Bwana miezi sita, kisha nikasimama mbele ya usharika nikatubu kwa mdomo. Kwa mdomo, nasema. Moyoni nilikuwa na hasira na mtu mmoja tu, naye alikuwa mtoto wangu. Jioni ile ya kikao cha wazee nilimwambia, "Umeniua." Akajibu, "Nisamehe, mama."

Alirudi shuleni. Kule walikuwa na Jumapili moja kila mwezi ya wazazi kutembelea. Mwaka mzima sikwenda. Mama mmoja aliyekuwa na binti pale alinikuta sokoni Bukoba, akaniambia, "Ma Koku, mtoto wako kila siku ya wageni anakaa kwenye benchi la getini tangu asubuhi. Ukimpa chakula anasema asante, mama anakuja." Nikaweka mkungu wangu kichwani nikaondoka. Na mwezi uliofuata sikwenda pia. Ningekuficha hilo, lakini ndilo baya kuliko yote, kwamba nilijua.

Mama yako anaandika polepole sasa. Nimemuuliza, wale Masista walikuambia nini ulipokuwa unakaa pale? Amesema kulikuwa na mmoja aliyekuwa anamletea chai, anakaa naye kidogo, anamwambia yale maumivu ayatoe kwa Mungu kama sadaka, asinung'unike. Alimwambia kwa upendo. Naamini. Chai alimletea yeye, siyo mimi.

Sitawasema vibaya Masista. Walichompa kimeniaibisha maisha yangu yote na sikirudishi. Mama yako hawezi kuiba hata muda wa kazi. Wazazi wa wanafunzi wake kule Kahororo wakigombana wanamwita aamue. Ma Anjelina, alipokuwa anaumwa, ufunguo wa nyumba yake alimwachia Editha na siyo mtu mwingine. Shule ile ilimfanya mwanangu mtu ambaye hata aliyeibiwa na mama yake anamwamini. Nani mwingine angeweza kumfanyia hivyo? Mimi nisingeweza.

Lakini shule ile ilimpa mdomo wa kujishtaki, ikasahau kumpa wa kumshtaki mwingine. Na mimi nikamsaidia kusahau, kwa sababu siku aliyosema kweli nilimwadhibu.

Nilikuja kuliona hilo siku baba yako alipoondoka.

"Mama, hayo mtoto hayamhusu," amesema sasa hivi.

"Baba ni wake, yanamhusu. Andika."

Baba yako, Kemi, alikuwa na nyumba nyingine na mwanamke mwingine miaka mitatu, na sisi wote tulijua. Ukoo wa kwao na wa kwetu ukakaa kikao. Yeye akakunja mikono akasema ndoa imemshinda kwa sababu mkewe ni mkali, nyumba imekuwa bweni, kila kitu kwa kengele. Wakamgeukia Editha, haya, sema na wewe. Nikasogea mbele kwenye mkeka. Nikawaza, leo atamtapikia yote. Mama yako akaweka mikono nyuma. Akasema, "Mimi ndiye niliyeshindwa. Naomba mnisamehe."

Mikono nyuma, Kemi. Kama wewe na maharage.

Wakaandika hivyo, kwamba mke amekiri. Kisha mama yako alilala siku mbili bila kula, siku ya tatu akaamka saa kumi na moja, akatandika kitanda mpaka kikawa kama meza, akaenda kazini. Nilimuuliza, mbona hukusema? Akanijibu, "Kila mtu apitie siku zake mwenyewe, mama." Kumbe makosa ya watu wote anayapitia kama yake. Amebeba kosa la mumewe, na kabla ya hapo alibeba langu, na wewe umeanza na sufuria yangu ya maharage. Safari hii ya kesho naiogopa kwa sababu hiyo. Utakwenda pale ukiwa umeshaiva, watakusifu siku ya kwanza, "msichana mnyenyekevu huyu," na utarudi huwezi tena kusema neno moja la haki yako.

Kwa hiyo ukikosa, sema umekosa. Liseme kwa sauti, hata mbele ya wazee, hata kama mama yako mzazi ataaibika. Sikuondolei hilo. Ila ukikosewa, Kemi, mtazame aliyekukosea machoni, sema, wewe umenikosea. Mwalimu, mwenzako wa bweni, mume wako huko mbele, Sista. Mimi pia. Mimi hasa. Usiniombee msamaha jambo nililofanya mimi.

Na kwa kuwa siwezi kukutuma jambo ambalo sijawahi kulifanya, nilimwambia mama yako aandike hili: Editha, mwanangu, nilikukosea. Nilikuacha kwenye benchi mwaka mzima kwa sababu ulisema kweli. Nisamehe.

Hapo kalamu ilikaa muda mrefu. Sasa ameanza tena, na nimemwambia ayaandike yaliyotokea kama yalivyotokea.

Alisema haraka haraka, kama mtu anayeitikia ibada, "Nimekusamehe, mama. Hata mimi nilikosa, ningekuambia kwanza kabla ya kusimama mbele ya…"

"Acha! Ndiyo hiyo hiyo! Nimekuomba kosa lako mimi? Nataka langu."

"Lako umeshalisema. Nimeandika."

"Ndilo hilo?"

Akaanza kunyoosha karatasi iliyokuwa imenyooka.

"Editha. Ndilo hilo?"

"Siyo benchi, mama."

"Basi ni nini?"

"Ni ndoo." Sauti yake ilikuwa ndogo, kisha haikuwa ndogo tena. "Ungeng'oa mwenyewe, ukapanda mwenyewe, ukamwagilia mwenyewe! Nilikuuliza kama siku ya maziko tunalima. Nilijua ni vibaya, nilikuuliza, na wewe ukanicheka. Ulinitia mkono kwenye wizi wako nikiwa mtoto. Mwaka mzima kule shuleni najipiga kifua kwa ajili yako, sili, silali, na siwezi kumwambia mtu kwa sababu ni mama yangu. Halafu nikasema, ukanichukia. Nikadhani sasa nina makosa mawili. Na yote mawili ni yako!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Ulinikosea, mama. Wewe! Siyo mimi. Mimi sikukosa kitu."

Miaka yote hii, Kemi, nilijua kosa langu ni lile benchi. Nililibeba, nililipanga, nilisubiri siku ya kulisema, na nimelisema leo nikijiona mtu wa maana. Kumbe nilikuwa naomba radhi ya jambo dogo, na lile kubwa sikuwahi hata kuliona, kwa sababu mkono uliomwaga maji haukuwa wangu.

Maneno ya kujitetea yalinijaa mdomoni. Nilikuwa mjane. Shemeji zangu walikuwa wananizunguka. Niliyameza yote. Nikasema, "Ndiyo. Hilo nalo, na hilo kwanza."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba mara ya pili. Alisimama pale anahema, mimi nimekaa.

Ndipo ulipokuja mlangoni, kiatu kimoja mkononi, ukauliza, "Kuna nini?" Nikamwona mama yako anavuta mikono kuipeleka nyuma, na mdomo unajiandaa kusema hakuna kitu, nisamehe, nimepiga kelele. Mikono ikaishia njiani. Akaishusha, akakutazama, akasema, "Nagombana na mama yangu, na nina haki. Kamalize viatu vyako."

Uliondoka umetoa macho, hukuelewa. Ukiisoma hii huko utakuwa umeelewa.

Amekaa tena anaandika, hanitazami, na nadhani leo hatutakula pamoja. Nenda salama, mjukuu wangu. Ugomvi huu wa huku usikutie hofu. Ulichelewa mno kuanza, na mimi sitaukatiza.

Ni mimi bibi yako,
Kokushubila